Mlango tulioacha wazi: niliyorudi nayo Arua kutoka kongamano la ulinzi wa chapa

Ndugu zangu, salamu kutoka Arua.

Hivi karibuni nilihudhuria kongamano la siku mbili mjini Kampala kuhusu ulinzi wa chapa za kampuni, na kwa kuwa wenzangu wa hapa wanaosindika asali, simsim na sabuni wameniomba mmoja mmoja niwaeleze kilichozungumzwa, nimeona ni heri niyaandike yote mahali pamoja. Nilisafiri kilomita zipatazo 480 nikiwa na swali moja tu, nalo ni namna ya kuwakamata watu wanaojaza maji ya sukari katika chupa zetu na kuziuza upande wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nilirudi na jibu la swali ambalo sikuuliza, nalo limeniuma zaidi, kwa sababu katika mambo yote yaliyotupotezea wateja kwa miaka sita, mwizi wa chupa alikuwa wa mwisho kuingia. Mlango tulikuwa tumeuacha wazi sisi wenyewe tangu siku tulipoketi kuipa asali yetu jina.

Sisi tunaouza mpakani huchagua majina ya Kiswahili kwa hesabu rahisi: ndicho kinachomfikia mteja wa Arua, wa Ariwara na wa Bunia bila mkalimani. Basi tukaandika ASALI SAFI kwenye lebo, herufi kubwa za njano, tukajipongeza. Siku ya kwanza ya kongamano, mtoa mada mmoja alionyesha ukutani majina kumi ya bidhaa na kutuuliza ni yapi yanaweza kulindwa. Jina letu halikuwamo, lakini ndugu zake walikuwamo wote, unga bora, maji safi, mafuta mazuri, na yote yalifutwa kwa mstari mwekundu. Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010 inataka alama iwe na uwezo wa kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. Neno linalotaja tu aina au ubora wa bidhaa halina uwezo huo, kwa kuwa kila mrina asali katika nchi hii ana haki ya kusema kwamba asali yake ni safi, na hakuna ofisi itakayomnyang'anya haki hiyo ili inipe mimi.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba Kiswahili kingenisaidia kuficha udhaifu huo, yaani afisa wa usajili angeliona neno la kigeni na kulipitisha. Hilo haliwezekani. Maneno yasiyo ya Kiingereza huombewa tafsiri, na tafsiri ikishaandikwa siri imekwisha. Tena Kiswahili si kigeni hapa: ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, hata kama wengi wetu tunakitumia sokoni tu na barabarani.

Mfano wa jina lenye nguvu tunao hapa hapa nyumbani. Mukwano, kwa Kiganda, ni rafiki. Neno rafiki halisemi lolote juu ya sabuni wala juu ya mafuta ya kupikia, na kwa sababu hiyo hiyo linashika: anayeliweka kwenye sabuni yake hawezi kujitetea kwamba alikuwa anaieleza sabuni. Majina ya mahali yako katikati. Mlima Rwenzori si wa mtu, na anayeanza leo kwa kuiita bidhaa yake jina la mlima, mto au wilaya ana safari ndefu ya kuwazoeza watu hadi jina hilo liwakumbushe bidhaa yake kabla ya kuwakumbusha mahali. Maji ya Rwenzori yamefika huko kwa miaka mingi sokoni. Mimi na lebo yangu ya njano hatujafika hata Pakwach, hapo jirani.

Kuna jambo ambalo halikuzungumzwa ukumbini, nami nililiwaza usiku ndani ya basi. Majina mawili yanapolinganishwa ili kuona kama yanachanganya watu, huangaliwa kwa jicho, husikilizwa kwa sikio na hupimwa kwa maana, na kipimo ni kumbukumbu ya mnunuzi wa kawaida ambaye hana chupa zote mbili mkononi kwa wakati mmoja. Sasa fikirini sikio la Uganda. Katika Kiganda, sauti za L na R hubadilishana kufuatana na irabu inayotangulia, na wasemaji wengi huhamishia mazoea hayo katika Kiswahili. Mtu akitaka kuiga jina lenye R, anaweka L, na muuza duka hatasikia tofauti yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jina, litamkeni mbele ya watu watano wa sehemu tano, kisha waombeni waliandike walivyolisikia. Hilo ni jaribio la gharama ya karatasi moja.

Kosa letu la pili lilikuwa la makaratasi. Ukutani ofisini kwangu pana cheti kizuri cha kusajiliwa kwa kampuni, kimetiwa fremu, na kwa miaka sita nimekuwa nikimwonyesha kila mgeni kama kwamba ndicho kinacholinda jina la asali yetu. Ofisi inayosajili kampuni, majina ya biashara na alama za biashara ni hiyo hiyo moja, yaani URSB, ambayo siku hizi iko Kololo, na labda ndiyo sababu wengi tunadhani kwamba karatasi moja inatosha kwa yote. Cheti cha kampuni kinasema kwamba kampuni ipo. Hakisemi kwamba jina lililo kwenye chupa ni lako peke yako. Kwa hilo kuna ombi jingine, lenye hatua zake: upekuzi wa daftari kuona kama hakuna aliyetangulia, maombi, ukaguzi, kutangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha siku 60 ambazo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Ukipita hapo unapewa ulinzi wa miaka 7, na ukihuisha unaongezewa miaka 10 kila mara. Vivyo hivyo alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ile Q tunayoihangaikia sana: inamwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetimiza viwango, lakini haisemi lolote kuhusu mwenye jina.

Alama husajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma. Yapo 45 kwa mpangilio wa kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na mtoa mada aliyejaribu kuyaeleza kwa jedwali alitupoteza hadi kijana mmoja wa nyuma alipouliza kuhusu rolex. Ukumbi ulicheka, lakini swali lake lilikuwa bora kuliko mada. Hapa Uganda, rolex ni mayai yaliyokaangwa na kuviringishwa ndani ya chapati. Inauzwa kila kona kuanzia Wandegeya hadi stendi ya Arua. Rolex nyingine ni saa ya Uswisi. Saa iko kundi la 14, chakula kiko makundi mengine, na mtu anayenunua chapati saa moja asubuhi hadhani hata kidogo kwamba imetoka Geneva. Hata hivyo alama zenye sifa kubwa hupewa ulinzi unaovuka makundi, iwapo matumizi yatawafanya watu waone uhusiano na mwenye alama, na maslahi yake yakaweza kudhurika. Muuza chapati anayeandika neno hilo kwa chaki ubaoni yuko mbali na hatari hiyo. Atakayefungasha chapati zake kwenye boksi la kijani lenye taji la dhahabu na kuzipeleka dukani atakuwa ameisogelea kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Wateja wetu, kumbe, hawaiiti asali yetu kwa jina lake. Nilimpigia simu wakala wetu wa mpakani kutoka ukumbini, nikamwuliza watu husema nini wakija dukani, akanijibu, «Wanasema nipe ile ya kifuniko chekundu.» Miaka sita ya lebo, nao wameshika kifuniko! Mwigaji alilijua hilo kabla yangu. Hakuhangaika hata kunakili jina. Alinunua vifuniko vyekundu, akaokota chupa zetu tupu kwa watoto, basi. Ziko kesi za namna hiyo katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza. Inayotajwa sana ni ile ya mwaka 1990 ya chupa ya plastiki yenye umbo la limau iliyokuwa ikiuzwa na maji ya limau ya Jif, ambapo mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba umbo la chombo lilikuwa limekwisha kuwa utambulisho wa bidhaa, na mshindani akazuiwa kutumia chombo kinachofanana nalo kwa namna iliyowachanganya wanunuzi. Mwenye kudai namna hiyo hahitaji cheti cha alama, lakini anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba bidhaa yake ina jina kwa watu, kwamba mwenzake amewapotosha watu hao, na kwamba yeye amepata hasara. Kila moja linadai ushahidi, na ushahidi unadai fedha, na ndiyo maana wanaosajili mapema hulala vizuri zaidi.

Mwisho ni anwani ya tovuti. Fundi aliyetutengenezea tovuti alisajili anwani yetu kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Tulipokosana juu ya malipo aliifunga, na ukurasa wetu wa Facebook aliouanzisha ukaenda naye. Simlaumu sana siku hizi, kwa maana sikumwuliza hata siku moja umeandikwa kwa jina la nani. Kwa anwani za .com upo utaratibu wa usuluhishi uliowekwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya anwani za mtandao, mwaka 1999, ambao unamtaka mlalamikaji aonyeshe kwamba anwani inafanana na alama yake, kwamba aliyeishika hana haki wala maslahi halali nayo, na kwamba ilisajiliwa na inatumiwa kwa nia mbaya. Ada ya WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, kwa shauri la msuluhishi mmoja, lenye anwani moja hadi tano, ni dola 1,500. Oneni sharti la kwanza: inafanana na alama yako. Mimi sikuwa na alama. Tukarudi pale pale.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga.

Mfanyabiashara wa Kikuubo:

Ndugu wa Arua, nakushukuru kwa maelezo marefu, lakini naomba niseme kwa niaba ya sisi wenye maduka ya Kikuubo, Kampala, tulio upande wa pili wa meza. Kila ninaposikia maneno ulinzi wa chapa, nakumbuka wanaume wanne walioingia dukani kwangu na mwanasheria na askari, wakabeba katoni 18 za viwembe nilivyonunua kwa risiti kutoka kwa mwagizaji anayejulikana, na hadi leo mwagizaji huyo anauza. Aliyetengeneza bandia yuko mbali, aliyeingiza ana wakili, kwa hiyo mkono wa kampuni unamwangukia mwenye duka la futi kumi. Katika makongamano yenu, je, kuna siku mtu kama mimi amepewa kipaza sauti?

Tena hizo kampuni kubwa hazitosheki na vyao. Walikwenda wakasajili hata hakuna matata. Leo mimi Mswahili nikitaka kuandika hakuna matata kwenye fulana nimwombe ruhusa Mmarekani?

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu, kuhusu kipaza sauti jibu ni hapana, hakupewa. Nusu ya ukumbi walikuwa wanasheria, na nusu nyingine walikuwa wauzaji wa stika zinazong'aa na misimbo ya kukwangua. Mwenye duka hakuwapo, wala mkulima, ingawa wote wawili ndio waliotajwa katika kila mada. Nakubaliana nawe kwamba kumvamia muuzaji wa mwisho huku mwagizaji akiachwa hakulindi chapa yoyote, kwa sababu wiki inayofuata mzigo ule ule hupita kwa duka jingine, na kampuni imepata adui kati ya watu ambao wangekuwa macho yake. Mtoa mada mmoja tu alithubutu kulisema. Alishauri kampuni zimwendee kwanza mwenye duka bila askari, zimwonyeshe tofauti ya bidhaa mbili, zimbadilishie mzigo mbaya kwa mzuri na kumwomba risiti ya aliyemuuzia. Hesabu ya katoni chache ni nafuu kuliko siku moja ya wakili.

Kuhusu hakuna matata, naomba tuseme kilicho sahihi ili hasira yetu ikae mahali pake. Kampuni ya filamu ya Disney iliomba usajili wa maneno hayo Marekani mwaka 1994, ikapewa mwaka 2003, kwa ajili ya nguo. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha ombi la mtandaoni la kulipinga, nalo likasainiwa na watu zaidi ya 100,000. Usajili huo ni wa Marekani: haumzuii mtu wa Kampala wala wa Mombasa kuandika maneno hayo kwenye fulana anayoiuza hapa, na haumzuii mtu yeyote duniani kuyatamka. Haki ya alama hukoma mpakani. Lakini fundi wa Jinja anayetaka kusafirisha fulana hizo Marekani ana la kuhofia, na hapo ndipo ninapoona kero yako ina msingi, maana msemo ambao kila mtoto wa Pwani anaukuta nyumbani umekuwa kizuizi kwa mwenye lugha anapokwenda soko la mbali.

Kikoi kilinusurika. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno hilo, likiandikwa kwa Y mwishoni, na ombi likapingwa hadi likaachwa mwaka 2008. Wakati huo huo Ethiopia ilikuwa imesajili au kuomba kusajili nje ya nchi majina ya kahawa yake, Sidamo, Harar na Yirgacheffe, na baada ya mvutano ikafikia makubaliano na Starbucks, kampuni ya kahawa ya Marekani, mwaka 2007. Katika visa vyote viwili kulikuwa na watu waliofuatilia maombi ya alama ng'ambo, jambo ambalo sisi hatujaanza hata kwa Gazeti la Serikali yetu wenyewe, linalotoka Entebbe.

Mwanasheria wa Mbarara:

Naomba kuongeza mawili. La kwanza ni hilo la mpaka. Wateja wangu wengi hudhani kwamba kwa kuwa tuko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, usajili wa Kampala unatosha hadi Nairobi na Goma. Jumuiya haina daftari moja la alama. Njia ya pamoja iliyopo kwetu ni Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, inayosimamiwa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao yake Harare, ambapo ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, zikiwamo Uganda, Tanzania, Malawi na Zimbabwe. Kongo haimo. Kwa hiyo ndugu yetu anayeuza Ariwara anapaswa kufahamu kwamba hata akipata cheti cha Kampala kesho, mjaza maji ya sukari aliye upande ule wa mpaka hakiogopi. Na ukitaka Tanzania moja kwa moja, kumbuka kwamba Bara ina daftari lake na Zanzibar ina lake.

La pili ni kumbukumbu. Alama isiyotumiwa kwa miaka mitatu inaweza kuombewa kufutwa, na mwenye alama hupaswa kuonyesha kwamba aliitumia. Watu hucheka, wanasema, «Nitashindwaje kuthibitisha, kila mtu ananijua?» McDonald's nayo ilidhani hivyo. Mwaka 2019 ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya iliifuta alama ya Big Mac, jina la sandwichi yake, baada ya ombi la mgahawa wa Supermac's wa Ireland, kwa kuwa viapo vya wafanyakazi, picha za tovuti na ukurasa wa Wikipedia havikutosha kuonyesha mauzo yenyewe. Baadaye sehemu kubwa ilirudishwa kwenye rufaa, lakini mwaka 2024 mahakama iliamua kwamba kwa sandwichi za kuku matumizi hayakuwa yamethibitishwa. Ikiwa kampuni yenye migahawa kila mji ilikwama kwenye stakabadhi, basi wewe weka ankara zenye jina la bidhaa, lebo ya kila toleo na tarehe yake, na picha ya chupa ikiwa rafuni. Boksi moja la viatu linatosha kwa miaka mitano.

Mwanzisha uzi:

Wakili, asante. Hilo la Kongo halikutajwa ukumbini hata mara moja, labda kwa sababu waandaaji wanaitazama Uganda kutokea Kampala. Sisi huku tunaitazama kutokea mpakani.

Niongeze jambo ambalo nililibeba kutoka siku ya pili na ambalo bado tunabishana juu yake ofisini. Bidhaa bandia ikionekana sokoni, je, kampuni iwaambie wateja? Wenzangu wanasema hapana, kwa kuwa mteja akisikia kuna asali bandia ya kifuniko chekundu ataacha vifuniko vyekundu vyote. Mfano uliotolewa ni ule wa Tylenol, dawa ya maumivu ya Marekani, ambao nadhani hutolewa katika kila mkutano wa namna hii duniani: mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya mtu kutia sianidi katika vidonge vilivyokuwa tayari dukani, na kampuni yake, Johnson & Johnson, ikaondoa sokoni takriban chupa milioni 31, ikatangaza waziwazi, kisha ikarudi na chupa zilizofungwa kwa namna inayoonyesha kama zimefunguliwa. Mfano ni mzuri, ila kampuni ile ilikuwa na fedha za kupoteza. Mimi nikiondoa chupa 2,000 nimefunga.

Hata hivyo ukimya una bei yake, na bei hiyo wakulima wa Uganda wameshailipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya pembejeo zinazouzwa katika masoko yetu ulikuta kwamba mbolea iliyopimwa ilipungukiwa kwa wastani asilimia 30 ya kirutubisho chake, na kwamba mbegu chotara za mahindi zilikuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Mkulima aliyepata mavuno mabaya hana namna ya kujua alidanganywa na nani, kwa hiyo anaacha kununua mbegu za dukani kabisa, nzuri na mbaya. Kampuni ya mbegu iliyonyamaza ili isipoteze wateja huwapoteza vilevile, tena bila kupata nafasi ya kujieleza. Kwa hiyo mimi naelekea upande wa kusema, lakini kusema kwa namna yenye msaada: kumwonyesha mteja kitu kimoja anachoweza kukikagua kwa macho yake dukani, bila simu na bila mtandao. Misimbo ya kukwangua na kutuma kwa ujumbe, ambayo kampuni ya mPedigree ya Ghana iliitangulia, ni kazi nzuri kwa dawa, ila kwa chupa ya asali sidhani kama kuna atakayekwangua.

Mama wa moo ya Gulu:

Mwanangu, nimesoma yote hadi hapa na kichwa kinazunguka. Mimi nakamua mafuta ya moo yaa, yaani ya shea, tuko akina mama kumi na wawili, tunauza kwa mikebe. Wakili sina, kongamano siwezi kulipia. Niambie kwa maneno machache, kesho asubuhi nifanye nini?

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mama. Umeniuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Kesho asubuhi ulizeni wateja watano wanaliitaje hilo kopo wakija kununua. Jibu lao ndilo mnalopaswa kulilinda, hata kama si lile mliloliandika. Wakisema tu «moo yaa», hamna jina bado, kwa maana hilo ni jina la mafuta yenyewe na la akina mama wote wa Acholi na Lango. Mtafute neno la pembeni, lisilosema mafuta, wala ngozi, wala uzuri. Mlitafute ninyi kumi na wawili, msimwachie kijana wa lebo. Kisha lipelekeni likapekuliwe kabla ya kuchapisha hata karatasi moja, maana mimi nilichapisha lebo 10,000 kwanza na bado ninazo stoo.

Jambo jingine ni la mchapishaji. Wengi wetu hupeleka kazi Nasser Road kwa sababu ni rahisi na ni haraka, na wapo mafundi waaminifu kabisa pale, lakini ukishatuma lebo yako kwa WhatsApp huna tena mamlaka nayo. Andikianeni japo karatasi moja kwamba faili ni lenu na haichapishwi kwa mtu mwingine, na muombe mabaki yote mrudishiwe. Namba ya simu mtakayoiandika kwenye kopo iwe ya kikundi, imesajiliwa kwa jina la mmoja wenu mnayemwamini, isiwe ya wakala. Mimi ninamfahamu wakala aliyeondoka na wateja wote wa kampuni kwa sababu namba iliyochapishwa ilikuwa yake. Na makopo matupu, mama, yanunueni. Sisi tumeanza kuwapa watoto shilingi 200 kwa kila chupa tupu inayorudi, tunaziosha na kuzitumia tena, na yule bwana wa maji ya sukari sasa inambidi anunue chupa mpya.

Mfanyabiashara wa Kikuubo:

Hilo la chupa nimelipenda. Na kifuniko je? Utakibadilisha rangi?

Mwanzisha uzi:

Hapana, mzee. Wenzangu walitaka tuhamie kijani, nami nusura nikubali, lakini watu wa Ariwara wamekizoea chekundu kwa miaka sita, na nikikiacha nitakuwa nimemwachia mwenzangu kitu pekee ambacho wateja wanakijua. Tutaomba lebo mpya isajiliwe pamoja na mchoro wa kifuniko, chekundu vilevile, huku ASALI ikibaki pembeni kwa herufi ndogo kama maelezo tu. Jina jipya lina silabi tatu, halina L wala R. Nililitamka sokoni mbele ya watu saba, na sita waliliandika sawasawa. Wa saba ni wakala wetu, ambaye aliandika «kifuniko chekundu».